Pole Moja Kutoka Vilima vya Ulalo

Nimechoka kuisimulia hadithi hii vipande vipande. Tukirudi kazini baada ya chai, mmoja ananiuliza walinilisha nini, mwingine anataka kujua kama ni kweli vilima vya huko vinapumua, na Mama Brayo anauliza swali lile lile kila siku kana kwamba jibu litabadilika. Basi naandika yote mara moja. Someni, mpeane hizi karatasi, halafu mniache nipige msasa vifaru vyangu kwa amani.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mutheu. Napiga msasa vinyago kwenye kibanda cha wachongaji karibu na soko la Gikomba, Nairobi, na ninaishi mtaa wa Mowlem, mlango wa tatu kutoka kwa mamangu. Mama ana ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake, Anti Kaluki. Walilelewa chumba kimoja na kulala kitanda kimoja. Nikiwa darasa la pili, Anti aliolewa na mtu wa Ulalo aliyekuwa akileta mbao Gikomba, akamfuata huko vilimani.

Baba alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, Mama alimpelekea dadake habari. Siku ya mazishi akamwekea kiti mstari wa mbele, akakifunika kwa leso ili mtu asikikalie. Hakuna aliyekikalia. Anti hakuja, hakutuma mtu, hakutuma hata salamu. Tulipokuwa tukipakia viti kwenye gari jioni ile, Mama alikibeba hicho mwenyewe, na hakutaka kusaidiwa.

Sasa, Ulalo mtu hafi kama sisi, hata aliyeolewa tu huko. Akizeeka vya kutosha huchagua mahali pake, hulala, na taratibu anakuwa kilima. Vilima vyote vya nchi ile ni wazee wa watu. Na mtu akishalala, haongei tena. Kwa hivyo tulipopata habari kwamba Anti Kaluki atalala Jumamosi, Mama, ambaye magoti yake siku hizi hayampandishi hata ngazi za kanisa, aliniita akanikalisha chini.

"Nataka neno moja," akasema. "Aseme pole. Sitaki maelezo, sitaki zawadi. Aseme pole, na wewe uniletee."

Nikamwambia nitaileta. Nilimwahidi kwa mdomo mpana, mbele ya majirani wawili.

Gikomba hadi lami ilipokwisha

Kwenda Ulalo unapanda lori la mitumba. Wazee wa kule wakikaribia kulala huanza kushikwa na baridi miezi mingi kabla ya siku yenyewe, na hakuna sufu wanayoiamini kama ya Gikomba. Basi kila Jumatano lori hujaa marobota ya sweta nzito, na mbele karibu na dereva hubaki nafasi ya abiria mmoja.

Niliambiwa tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimesimama pale na begi langu, nimeoga, nimejipaka mafuta. Saa nne bado nimesimama. Dereva, jamaa mmoja wa Bungoma anayeitwa Wafula, alikuwa akingoja robota moja la mwisho, na robota hilo lilikuwa juu ya mkokoteni, na mkokoteni ulikuwa umekwama nyuma ya mkokoteni mwingine wa mbao, na wenye mikokoteni hiyo walikuwa wakielezana kila mmoja alivyolelewa vibaya.

"Dakika tano, mathe," Wafula akasema.

"Umesema dakika tano tangu saa moja."

"Hizo zilikuwa zingine. Hizi ni mpya."

Tuliondoka saa nane mchana. Mtu ana anti wa kumwahi kabla hajageuka kilima, na anacheleweshwa na sweta! Nilikaa kimya hadi tulipoliacha jiji, nikihofia kwamba nikifungua mdomo nitasema maneno ambayo mwanamke wa kanisa hasemi.

Nilikuwa nimebeba chapati sita na ndengu za safari. Jua lilipoanza kuinama Wafula alizitupia jicho.

"Hizo chapo unazikula ama?"

"Kula tu, mimi niko sawa," nikamjibu.

Ninyi mnajua nilimaanisha nini. Nilimaanisha achukue moja, aseme asante, kisha anisihi nami nile. Wafula alikula sita. Alizikunja moja baada ya nyingine huku mkono mmoja uko kwenye usukani, akapangusa bakuli la ndengu kwa kipande cha mwisho, akanirudishia bakuli safi. Nikameza mate na kutazama nje.

Alhamisi asubuhi tulipita mlingoti wa mwisho wa stima, na lami ikaishia hapo hapo. Mbele yetu kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu migongo ya kijani, mingi, inapanda na kushuka polepole. Ndiyo, vinapumua. Mkisimama kimya mnavisikia.

"Huko mbele jibu vile iko," Wafula aliniambia akinishushia begi. "Wale watu si kama sisi, maze. Ukisema, umesema."

Nikamwambia mimi nimelelewa na ninajua kuongea na watu. Alicheka, akageuza lori kuelekea ghala la sweta.

Langoni

Mlango wa Ulalo ni mume na mke waliolala zamani sana, vichwa vyao vikikaribiana, na njia inapita katikati. Hapo nilimkuta mama mmoja wa rika langu, mrefu, anaitwa Ndeo. Kazi yake ni kupokea wageni na kuwafikisha wanakokwenda. Alikuwa amekaa kando ya chungu cha viazi vikuu vilivyopikwa kwa maziwa na nyama ya mbuzi. Harufu ile ilinifikia kabla ya salamu zake.

Tulisalimiana vizuri. Kisha akanitazama machoni, akauliza kwa Kiswahili chao kile cha pole pole:

"Mgeni, una njaa?"

Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu chai ya Jumatano. Nikajibu kama mamangu alivyonifundisha nikiwa na miaka minne:

"Aa, nimeshiba, asante."

Huku nikingoja aniulize tena. Ya pili ningesema labda kidogo. Ya tatu ningeketi. Ndivyo tunavyofanya, na hata mtoto wa Mowlem anajua kwamba mgeni anayekubali chakula mara ya kwanza hakufunzwa kwao.

Ndeo alisimama, akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea vilimani: "Mgeni ameshiba!" Sauti nyingine ikajibu kutoka kilima cha pili: "Mgeni ameshiba!" Kisha ya tatu, mbali zaidi, mpaka nchi nzima ikapata habari za tumbo langu.

"Umechoka?" akauliza.

Nilidhani huu ndio mzunguko wa pili wa adabu, kwamba atakirudia chakula baadaye. "Si sana," nikasema.

"Hajachoka!"

"Na mzigo wako ni mzito?"

"Hapana, wa kawaida tu."

"Mzigo si mzito!"

Akakifunika chungu, akashika fimbo, tukaondoka. Nikabeba begi langu mwenyewe, mimi ambaye sijachoka na nimeshiba.

Tulitembea tangu adhuhuri hadi jua kuzama, bila kupumzika hata mara moja. Tulipita nyumba saba. Nilizihesabu. Katika kila nyumba watu walitoka kunipungia mkono wakiwa na mahindi ya kuchoma mkononi, au kikombe cha maziwa, au mfupa, wakinitabasamia kwa upendo wa kweli, na hakuna hata mmoja aliyeniambia karibu. Nyumba ya tano mzee mmoja aliniambia kwamba amefurahi sana kusikia nimeshiba. Nilikula kwa macho mpaka macho yakachoka. Nilijikaza kisabuni, lakini tulipofika tulikolala nilikuwa nikiona vimulimuli, na hasira zilikuwa zimenifika kooni. Ni watu gani hawa wanaotazama mgeni akitetemeka magoti na kuamini mdomo wake badala ya magoti?

Jua lilipochomoza Ijumaa, Ndeo alifungua mdomo kuniuliza kama nina njaa. Sikumwacha amalize.

"Ninayo! Na nimechoka! Na mzigo ni mzito!"

Alishangaa jinsi nilivyopayuka, lakini akanipakulia bakuli, na nyingine, na nyingine. Nilipopata nguvu ya kuongea nilimwambia wazi kwamba alinitesa. Alisikitika kweli kweli.

"Lakini nilikuuliza," akasema.

"Ungeniuliza tena!"

"Kukuuliza tena ni kukuita mwongo. Mimi ni nani nikuite mwongo mbele ya vilima?"

Kisha akanieleza, kwa utulivu wa mtu anayemfunza mtoto kufunga viatu. Ulalo kila jambo huulizwa mara moja, hujibiwa mara moja, na jibu hutangazwa. Neno la tumbo au la miguu linaisha jua linapochomoza, na unaweza kuulizwa upya. Neno la moyo haliishi. Likitangazwa limetangazwa, na wazee waliolala hulisikia na kulihifadhi.

Hapo moyo ulinilipuka. Nilimweleza nilichotumwa. Nikamuuliza Anti ataniuliza nini.

"Anayelala huwauliza walio wake kama kuna lawama," akasema. "Atakuuliza wewe kwa ajili ya mamako. Ukisema ipo, hatalala mpaka aitue kwa kusema pole."

Nikafurahi. Nilisema moyoni kwamba sasa nimewashika. Ningejibu vile iko.

Bibi aliyegeuka upande

Tulipaswa kufika kwa Anti Ijumaa mchana. Hatukufika, kwa sababu saa tatu asubuhi tulikuta kilima kimelala njiani. Hakikuwa hapo jana yake. Ni bibi mmoja anayeitwa Tandu, aliyelala kabla ya babu zao kuzaliwa, na siku hiyo aliamua kugeuka upande na kuifunga njia yote kwa mgongo wake.

Kulikuwa na foleni: wenye mbuzi, wenye kuni, mama mmoja na kuku wake, wanaume wanne na marobota ya sweta kutoka lori letu. Wajukuu wa Bibi Tandu walikuwa juu ya bega lake na reki, wakimkuna taratibu ili ageuke arudi alikokuwa. Walisema huwa anakubali. Nilipouliza inachukua muda gani, walisema huwa anakubali.

"Si tupande tu tupite juu?" nikauliza.

Foleni nzima iligeuka ikanitazama. Mwenye kuku alishika kifua.

"Umkanyage bibi wa watu?" Ndeo akaninong'oneza. "Akiwa kitandani?"

Niliwaambia nina anti anayelala kesho. Niliwaambia nimesafiri siku tatu. Niliwaambia kwetu gari likiziba barabara watu hupiga honi, hutukana, na hatimaye hulisukuma. Walinisikiliza kwa heshima zote, wakanipa kiazi, wakaendelea kungoja. Nami nikakaa chini nikafura kama chura.

Nikautumia muda huo kufanya mazoezi. Nilijiambia kwa sauti ya chini, tena na tena: "Ndiyo, Anti. Mama anakulaumu. Anataka useme pole." Maneno machache tu. Nilimwambia Ndeo anisikilize, akanisikiliza, akasema ni jibu zuri. Niliyasema mpaka mwenye kuku naye akayashika.

Bibi Tandu aligeuka alasiri sana, akishusha pumzi iliyotingisha nyasi mpaka tulipokuwa. Watu wakamshangilia. Mimi sikumshangilia.

Kwa Anti

Tulifika Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Anti Kaluki alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akiwa na sweta nne, moja juu ya nyingine, na ya juu kabisa ilikuwa imeshonwa kutoka sweta mbili, kwa sababu alikuwa amekuwa mkubwa. Mabega yake yalijaa mlango mzima. Shingoni, chini ya nywele nyeupe, majani yalikuwa yameanza kuota. Watoto na wajukuu walimzunguka.

Nilikuja na hasira ya miaka kumi na miwili, ya mamangu na yangu. Kisha akainua uso, na ulikuwa uso wa mamangu. Macho yale yale, na hata ile alama ya kuungua juu ya nyusi ambayo Mama anayo upande wa kushoto, yeye alikuwa nayo kulia, maana jiko lilelile liliwaunguza wote wawili siku moja.

"Mutheu wa dadangu," akasema. "Umekuwa mtu mzima." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mzito na baridi kama udongo wa asubuhi.

 Watu wote wakaweka viganja mdomoni, tayari kuita.

"Mamako ananilaumu?"

Nilikuwa na jibu langu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mgongoni pa Bibi Tandu siku nzima. Lakini mbele yangu alikuwa mzee wetu, anayeniaga, amenishika mkono, na ninyi niambieni ni nani kati yenu aliyewahi kumwambia mzee wa kwao usoni kwamba ndiyo, unalaumiwa. Mdomo wangu ulifunguka peke yake.

"Aa, hapana, Anti. Hayo yalishapita."

"Halaumiwi!" wakaita watoto wake. "Halaumiwi!" kikajibu kilima cha pili. "Halaumiwi!" Kilio cha furaha kikazuka, wakakumbatiana, wajukuu wakanishika miguu kunishukuru.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Sikumaliza! Anti, Mama anataka useme pole. Alikuwekea kiti! Alikufunikia kiti kwa leso!"

Ndeo alinishika bega. "Umeshasema," akaniambia, na machoni niliona kwamba anaumia kwa ajili yangu.

Sikumjali. Nilimtazama Anti. Alinisikia, najua alinisikia. Aliinamisha kichwa kidogo, akasema polepole, "Kama yalishapita, mwanangu, pole itakuwa ya nini?"

Na akatabasamu. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Huyu hakuzaliwa Ulalo. Alizaliwa Nairobi, akakua na sisi, akafundishwa adabu na bibi yule yule aliyemfundisha mamangu. Anajua "nimeshiba" maana yake nini. Anajua fika kwamba mtu wa kwetu akikwambia yalishapita, ndiyo kwanza yamekaa. Wale wengine wote waliniamini kwa moyo mweupe. Yeye peke yake pale alijua nimesema nini, akajificha nyuma ya desturi ya wenyeji wake, akajifunika kwayo kama sweta ya tano.

Akainuka, akaegemea wanawe wawili, akapanda pale alipokuwa amepachagua, panapotazama mashariki. Akalala. Walimfunika kwa sweta, kisha majani, kisha udongo, wakiimba. Kufikia saa sita kulikuwa na mwinuko, na kufikia alasiri mwinuko ulikuwa ukipanda na kushuka. Nilipiga magoti nikaweka mdomo ardhini nikamwambia aseme. Nilimwita kwa jina lake la utotoni. Pumzi yake ilikuwa nzuri, ndefu, pumzi ya mtu asiyedaiwa neno na yeyote.

Kurudi Mowlem

Sina mengi ya kusema kuhusu kurudi. Nyumba zote saba ziliniuliza kama nina njaa, na zote nilizijibu kweli, nikala nusura nipasuke, na chakula hakikuwa na ladha. Wafula aliniuliza kama nilijibu vile iko. Nikamwambia aendeshe gari.

Njiani nilifikiria kudanganya. Nilikuwa na siku nzima na nusu ya kutunga pole nzuri, yenye machozi na kila kitu. Lakini nilipofika nikamkuta Mama ameketi mlangoni akichagua ndengu kwenye ungo, akaniangalia tu, na uongo wote ukaniishia.

"Alisema?" akauliza.

Nikamwaga yote. Nilimweleza ukaidi wa watu wa langoni, njaa niliyopigwa, Bibi Tandu na foleni yake, na zaidi ya yote nilimweleza tabasamu la dadake. Nilisema alijua, Mama, alijua kabisa, alikukimbia kwa mara ya pili. Nilikuwa nimesimama nikirusha mikono, nikingoja Mama naye awake, tuwake pamoja, tumseme Anti Kaluki mpaka jua lizame.

Mama hakumsema. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye ndengu.

"Alikuuliza nini hasa?"

"Kama unamlaumu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia yalishapita."

Akauweka ungo chini.

"Mutheu," akasema, wala hakupandisha sauti, "mimi nilikutuma uniletee pole. Nani alikutuma umpelekee msamaha wangu?"

Nilikuwa na maneno ya kumtosha kila mtu wa safari ile, dereva, wa langoni, wa foleni, na aliyelala. Kwa hilo sikuwa na hata moja. Nilibaki nimesimama hapo mlangoni kwake mpaka akaniambia niende nyumbani nikapumzike.